Wanyama wasafishaji wa akwaria ya matumbawe

Wanyama wasafishaji wa akwaria ya matumbawe ni konokono, kaa, kamba na wanyama wengine wa baharini wasio na uti wa mgongo ambao huwekwa katika tangi la maji ya chumvi nyumbani ili wale mwani, mabaki ya chakula na viumbe vilivyokufa. Katika tangi la namna hii hufugwa matumbawe hai pamoja na samaki wachache, kwenye maji yenye chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo na joto la sentigredi 24 hadi 27. Wanyama hawa huchaguliwa kwa kuangalia chakula kilichomo tangini. Ukubwa wa tangi ni jambo la pili.

Kazi yao na mipaka yake

Baharini, walaji wa mwani ndio wanaoyapa matumbawe nafasi ya kukua. Hili lilionekana wazi katika Karibi. Mwaka 1983 ugonjwa ulianza kuwaua wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi (Diadema antillarum), na kwa muda wa mwaka mmoja hivi zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa wamekufa. Miamba mingi, hasa ya Jamaika, ilifunikwa na mwani, na matumbawe machanga yakakosa mahali pa kushika.

Tangi la nyumbani, hata hivyo, si bahari, na jina "wasafishaji" linapotosha kidogo. Konokono anapokula mwani hautoi nje ya tangi. Anaugeuza kuwa mwili wake na kinyesi. Bakteria hukivunja kinyesi hicho kuwa amonia, kisha nitriti, na mwishowe nitrati. Nitrati na fosfati ni mbolea ya mwani. Uchafu hutoka tangini kwa kazi ya mfugaji mwenyewe: kubadilisha sehemu ya maji, kusafisha chujio, kung'oa mwani kwa mkono na kupunguza chakula cha samaki.

Mtu anayewalisha samaki kupita kiasi, kisha akanunua konokono 50 ili kumaliza mwani, ataona nafuu kwa majuma machache tu. Mwani ukiisha, konokono hufa njaa mmoja mmoja, mara nyingi nyuma ya mawe wasikoonekana. Nyama yao huoza ndani ya kombe, amonia hupanda, na mwani hurudi ukiwa na mbolea zaidi ya mwanzo.

Wakati na idadi

Tangi jipya huhitaji kwa kawaida majuma 4 hadi 6 ili bakteria waenee. Baada ya hapo huja utando wa kahawia wa diatomu, kisha mwani wa kijani. Msafishaji wa kwanza asiingie kabla vipimo vya amonia na nitriti havijaonyesha sifuri na mwani kuonekana kwa macho.

Kanuni inayosikika sana Marekani ni konokono mmoja kwa kila galoni, yaani lita 3.8 hivi. Kwa kanuni hiyo tangi la lita 200 lingepewa konokono zaidi ya 50. Kanuni hii inamfaa muuzaji kuliko mfugaji. Kwa tangi kama hilo konokono 8 au 10 wanatosha kuanzia. Mfugaji huangalia kioo kwa mwezi mmoja: ikiwa utando wa kijani unarudi haraka kila kinapopanguswa, chakula kipo na wachache wanaweza kuongezwa. Kioo kikibaki safi bila kupanguswa, wanyama wameshakuwa wengi.

Konokono

Kwa tangi la kwanza, konokono wa jenasi Trochus ndio chaguo bora. Hula utando wa mwani kwenye kioo na mawe, huvumilia joto la tangi, na akianguka chali aweza kujigeuza. Sifa hiyo ya mwisho si ndogo. Konokono wa Karibi mwenye kombe kama piramidi (Lithopoma tectum, ambaye madukani bado huitwa Astraea) ni mlaji mzuri vilevile, lakini akianguka chali kwenye mchanga mara nyingi hubaki hapo hadi afe au aliwe na kaa. Anayemfuga hana budi kumtazama kila siku na kumgeuza.

Cerithium ni mdogo, hutembea usiku, na hufika mchangani na kwenye nyufa ambako Trochus hafiki. Nassarius hali mwani kabisa, ingawa wengi humnunua kwa kazi hiyo. Yeye hujifukia mchangani akiacha nje mrija wake tu, na akinusa kipande cha nyama au samaki aliyekufa hutoka mara moja. Katika tangi lenye samaki wawili wanaolishwa kwa uangalifu hana chakula cha kutosha.

Wako pia konokono wanaouzwa kwa bei nafuu ilhali asili yao ni maji baridi. Margarites pupillus hutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Katika sentigredi 26 hudhoofika polepole, na mnunuzi hudhani kosa ni la maji yake. Swali la kwanza dukani liwe jina la kisayansi la mnyama na bahari anakotoka.

Konokono wa jenasi Conus, wenye kombe zuri la umbo la pia, wasiwekwe tangini wala kushikwa kwa mkono. Huwinda kwa jino lenye sumu, na Conus geographus, anayepatikana pia Bahari ya Hindi, amewahi kuua watu.

Kaa na kamba

Kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kama Clibanarius tricolor wa Karibi, hula mwani wa nyuzi na mabaki ya chakula. Kila wanapokua huhitaji kombe kubwa zaidi, na wakilikosa humuua konokono ili wachukue lake. Makombe matupu ya ukubwa mbalimbali hupunguza mauaji hayo lakini hayayakomeshi. Mfugaji anayewapenda konokono wake anaweza kuwaacha kaa hawa kabisa, na tangi lake halitapungukiwa na kitu.

Kaa wa kijani Mithraculus sculptus hununuliwa kwa ajili ya mwani wa malengelenge (Valonia). Kamba mwenye milia myekundu, Lysmata wurdemanni, hula anemoni wadogo wa kahawia (Aiptasia) wanaochoma matumbawe. Huyu wa mwisho huchanganywa mara kwa mara na Rhynchocinetes durbanensis, ambaye naye ana milia myekundu na myeupe lakini ana nundu mgongoni na macho makubwa zaidi. Tofauti ni ya kujali, kwa kuwa huyo wa pili hula matumbawe laini.

Viti vya pweza na jongoo bahari

Hawa wanafaa matangi makubwa yaliyokomaa. Kiti cha pweza anayechimba mchanga (Astropecten) hula minyoo na viumbe vidogo vinavyouweka mchanga hai. Katika tangi dogo huvimaliza kwa miezi michache, kisha hufa njaa. Jongoo bahari humeza mchanga na kuutoa ukiwa safi, lakini akinaswa na pampu au akifa bila kuonekana aweza kutoa sumu inayoua samaki wote.

Kuwaingiza tangini

Kamba na viti vya pweza hawavumilii mabadiliko ya ghafla ya chumvi. Maji ya tangi hudondoshwa kwenye chombo chao kwa mrija mwembamba kwa saa moja hivi kabla ya kuwahamisha. Dawa za shaba zinazotumika kutibu ugonjwa wa madoa meupe wa samaki huwaua wanyama hawa wote, na shaba hunyonywa na mawe na mchanga. Kwa sababu hiyo samaki mgonjwa hutibiwa katika tangi la pembeni.

Wanakotoka

Wengi wa wanyama hawa huokotwa baharini. Mwaka 2009 Andrew Rhyne na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS ONE uchunguzi kuhusu uvuvi wa wanyama wa mapambo Florida. Walionyesha kuwa uvuvi huo ulikuwa umeongezeka na kugeuka, kutoka kuwakusanya wanyama kwa uzuri wao hadi kuwakusanya kwa kazi yao, wengi wao wakiwa walaji wa mwani. Wanyama hao hao wanahitajika na miamba wanakotolewa. Trochus huzaliana hata katika matangi ya nyumbani, na vitoto vyao huonekana kwenye kioo vikiwa na ukubwa wa punje ya mtama. Wafugaji wenye wengi huwagawia jirani zao.