Gari Jeusi katika Vumbi la Katilu: Chanzo cha Mikwaruzo na Namna ya Kuiondoa

Gari jeusi lililooshwa asubuhi huko Katilu hupendeza likiwa kivulini. Likitolewa juani, aghalabu huonekana limefunikwa na utando mwembamba mfano wa ule wa buibui, unaozunguka pale jua linapomulika. Mwenye gari hudhani kwamba rangi imechakaa, au kwamba aliyemuuzia alimpunja. Kumbe utando huo ni maelfu ya mikwaruzo midogo, na mingi kati yake ilitiwa na kitambaa kilekile kilichotumiwa kulisafisha. Makala haya yanafafanua chanzo cha mikwaruzo hiyo, namna inavyoondolewa, na sababu za kuiondoa kwa nadra.

Awali ya yote, ni muhimu kuutazama muundo wa rangi yenyewe. Magari mengi ya kisasa yana tabaka kadhaa: rangi ya kwanza iliyoshika bati, rangi inayolipa gari sura yake, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi wa Kenya huliita klia. (Wapo wanaopendelea kuliita vanishi, na hoja yao ina mashiko, lakini neno lililoko gereji ni klia, na ndilo linalotumika hapa.) Unene wa klia huwa takriban maikromita 40 hadi 50, yaani pungufu ya unene wa unywele mmoja. Mng'ao wa gari hutegemea tabaka hilo, na kadhalika kinga ya rangi dhidi ya jua.

Katilu iko kandokando ya mto Turkwel, kusini mwa Lodwar, na upepo wa huko hubeba mchanga mwembamba. Ndani ya mchanga huo mna chembe za kwatzi, madini yaliyo magumu kuliko chuma cha kisu, seuze klia. Mtu anapopangusa gari kwa kitambaa kikavu, hugeuza kitambaa hicho kuwa msasa. Mikwaruzo inayotokea huelekea pande zote. Haina umbo la duara hata kidogo. Jicho ndilo linalohadaika, kwa kuwa ni ile tu iliyokingama na mwanga inayorudisha miale kwa mtazamaji, na kwa hivyo huonekana imelizunguka jua. Rangi nyeupe hupata mikwaruzo iyo hiyo lakini huificha, kwani yenyewe hurudisha mwanga mwingi. Nyeusi hurudisha mwanga mchache mno, na kila ukingo wa mkwaruzo hujitokeza waziwazi.

Ipo mikwaruzo ya aina nyingine, nayo ni ya mathenge, mti ambao Waturkana huuita etirae. Mti huu ulipandwa Turkana katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, kisha ukasambaa kandokando ya mito na njia. Gari likipishana na jingine kwenye njia nyembamba, miiba yake huchora mistari mirefu ubavuni. Mistari hiyo sharti ipimwe kabla ya kuguswa. Ukucha ukipitishwa juu ya mstari na kukwama, mkwaruzo huo ni wa kina, na kuusugua ni kuimaliza klia bure. Ukucha usipokwama, na mstari ukatoweka unapolowanishwa kwa maji, basi ungali juujuu na unaweza kuondolewa.

Kuondoa kwenyewe si kuufukia mkwaruzo bali ni kuishusha klia iliyouzunguka hadi ilingane na kina chake. Gari huoshwa kwanza na kukaushwa, kisha huwekwa kivulini hadi bati lipoe. Bati jeusi lililoachwa kwenye jua la Turkana haligusiki, na dawa hukaukia juu yake kabla ya kufanya kazi. Fundi hupaka kampaundi kidogo kwenye sponji laini na kusugua eneo dogo, lisilozidi nusu mita kila upande, kwa mkono au kwa mashine ya mwendo wa polepole. Hupangusa, hutazama kwa tochi, ndipo aendelee. Kampaundi ikishakata, polishi laini hufuata ili kuondoa ukungu ulioachwa, na mwisho nta. Busara ni kuanza na dawa iliyo laini kuliko zote na kupanda pale tu inaposhindwa. Kingo za milango na boneti huepukwa, kwa maana hapo klia ni nyembamba zaidi. Wapo wanaopaka dizeli ili gari ling'ae; hiyo huficha mikwaruzo kwa siku moja na kuyanasa mavumbi ya siku ya pili.

Kila usuguaji hula maikromita kadhaa ambazo hazirudi. Ikumbukwe pia kwamba magari mengi ya Kenya huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika kwa miaka hadi minane, na huenda yalisuguliwa mara kadhaa kabla ya kuuzwa. Mnunuzi hajui klia iliyobaki ni kiasi gani. Ikitoboka, rangi hupauka kwa mabaka, na dawa pekee ni kupaka upya, kazi isiyofaa kufanyiwa uwanjani penye upepo wa mchanga. Mwenye gari wa Katilu hulazimika kufunga safari hadi Kitale au mbali zaidi.

Kwa mintarafu hiyo, uoshaji una uzito kuliko usuguaji. Maji humwagwa kwanza bila kugusa rangi ili vumbi liondoke. Hufuata ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na kazi huanzia paani kwenda chini. Maji hayo si machache mahali ambapo ndoo hubebwa kichwani kutoka mbali, na wakati wa kiangazi watu na mifugo hutangulia. Lakini vumbi lililotulia halikwaruzi, hukwaruza linaposukumwa. Gari likibaki na vumbi lake juma zima hudhurika kidogo mno kuliko lile linalopanguswa kwa kitambaa kikavu kila asubuhi.