Je, wajua? Ngumi za Tekken na betri ya nyumbani

Jioni mtaani Kikula, hapa Likasi, umeme ukiwepo, utasikia kelele za vijana kabla hujaiona luninga yenyewe. Mmoja kaishika maneti kama yai, mwenzake anabonyeza vifungo vyote kwa pamoja huku akimwomba Mungu. Wanacheza Tekken. Waulize Eddy Gordo ni nani, mmoja atasimama akuoneshe teke lake. Waulize Namco ni nani, watatazamana.

Namco ni kampuni ya Japani. Masaya Nakamura aliianzisha mwaka 1955, na mtaji wake ulikuwa farasi wawili wa mashine, wa kubembea, aliowaweka juu ya paa la duka kubwa mjini Yokohama ili watoto wapande kwa kulipa. Kutoka kwa farasi hao ikafika Pac-Man mwaka 1980, kisha Tekken mwaka 1994. Tekken 3 peke yake iliuzwa zaidi ya nakala milioni 8 kwenye PlayStation ya kwanza.

Lakini aliyeiongoza Tekken ya kwanza, Seiichi Ishii, alikuwa ametoka kwa mshindani. Kabla ya hapo alikuwa Sega, ambako alishiriki kubuni Virtua Fighter ya mwaka 1993, mchezo uliowapa wapiganaji miili unayoweza kuizunguka badala ya michoro bapa. Ndivyo ilivyo katika biashara hii: majina ya kampuni ni mengi, mafundi ni wachache, nao huhama kama wachezaji wa mpira.

Kisa kitamu zaidi ni cha Osaka. Takashi Nishiyama, akiwa Capcom, aliongoza Street Fighter ya mwaka 1987. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na vifungo viwili vikubwa vya mpira: kadiri ulivyovipiga kwa nguvu, ndivyo ngumi ya kwenye kioo ilivyokuwa kali. Watu wakaumia mikono, mashine zikaharibika, vikawekwa vifungo sita vidogo ambavyo michezo mingi ya ngumi imevirithi. Kisha Nishiyama akahamia SNK, kampuni nyingine ya Osaka, akawatengenezea Fatal Fury. Ikatoka mwaka 1991, mwaka uleule ambao Capcom ilitoa Street Fighter II bila yeye.

Uhasama ukawa wa kuchekesha. SNK ilipotoa Art of Fighting, yenye mashujaa waliofanana mno na wa Capcom, Capcom haikujibu kwa maneno. Ilimchora Dan, mpiganaji mwenye vazi la waridi na majigambo mengi, ambaye moto wake hufika hatua moja tu na kuzimika. Kwangu mimi hakuna tusi la kibiashara lililowahi kuchorwa vizuri kuliko hilo. Miaka michache baadaye kampuni hizo mbili zikawa zinaweka wapiganaji wao katika mchezo mmoja. Na Nishiyama? Alianzisha kampuni yake, Dimps, mwaka 2000, nayo ikashirikiana na Capcom kutengeneza Street Fighter IV.

Hata kombo, ule mfululizo wa mapigo ambao adui hapati nafasi ya kuukinga, haukupangwa. Noritaka Funamizu wa Capcom aliugundua wakati akikagua sehemu ya Street Fighter II ambapo mchezaji huvunja gari kwa ngumi. Ilikuwa kasoro ya programu. Wakaiacha, wakidhani ni ngumu mno kwa mtu kuitumia.

Afrika Mashariki nayo imo: mwaka 1997 Capcom ilimleta Elena, binti wa Kenya. Ajabu ni kwamba anapigana kwa capoeira, ambayo ni ya Brazil.

Utajiri wenyewe haukudumu kwa wote. SNK ilifilisika mwaka 2001. Kufikia 2022, zaidi ya asilimia 96 ya hisa za SNK iliyoirithi zilikuwa mikononi mwa taasisi ya MiSK ya Saudi Arabia. Midway ya Chicago, wenye Mortal Kombat, ilifilisika mwaka 2009, na mchezo wake ukanunuliwa na Warner Bros.

Tukirudi Kikula, maneti ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na waya, bila betri. Ile ya PlayStation 3, mwaka 2006, ilikata waya na kubeba betri ya lithiamu ndani. Betri nyingi ndogo za aina hiyo zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, katika ukanda huu wa shaba ambamo Likasi imekaa na mitambo yake ya Shituru. Basi ukipigwa leo, usiitupe maneti ukutani. Huenda ndani yake kuna kitu kilichotoka nyumbani.