Je, Wajua? Nebula hupigwa picha hata juu ya taa za jiji

Mawingu ya gesi yaliyo mbali angani, yaani nebula, hupigwa picha hata kutoka juu ya paa la nyumba jijini, mahali ambapo macho huona nyota chache tu. Anayeirudia kazi hii baada ya kuiacha enzi za filamu hukuta kichujio chembamba kimebadilisha mambo. Hidrojeni ya Nebula ya Jabari, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,340, hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656.3, na oksijeni yake hutoa mwanga wa nanomita 500.7. Kichujio hupitisha nanomita chache tu kandokando ya namba hizo na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa. Taa za sodiamu, zile za rangi ya chungwa, zilichujika kwa urahisi zaidi. Za LED humwaga rangi nyingi na husumbua mno.

Chengachenga zinazobaki kwenye picha hupunguzwa kwa subira: programu ikiunganisha picha 100 za sehemu ileile, hupungua mara 10 hivi. Galaksi ndizo ngumu hasa. Mwanga wake ni wa nyota, umetapakaa katika rangi zote, na hakuna kichujio kinachoutenga vizuri na wa jiji.