Chanjo ya puani kwa nguruwe: mfanyabiashara wa mpakani ajue nini?

ARUA, Uganda

Barabara ya kilomita 92 inayoanzia Vurra, mpakani mwa Congo, inapita Arua na Koboko hadi Oraba, mlango wa Sudan Kusini. Nguruwe anayeuzwa kwenye njia hii anaweza kuchanganywa na wenzake wa mazizi kadhaa kabla ya kufika buchani. Kila anapochanganywa, pua yake nayo inafanya biashara: inapokea virusi na kuvitoa.

Sokoni, maradhi mawili huitwa kwa jina moja. Homa ya nguruwe ya Afrika huua karibu kila nguruwe inayemshika, lakini haimwambukizi binadamu. Mafua ya nguruwe ni kinyume chake. Mnyama hukohoa, hutoka kamasi na kususia chakula, kisha mara nyingi hupona baada ya wiki moja hivi. Hafi, ila hukonda, na anayemuuza akiwa amekonda ndiye anayelipa hasara. Isitoshe, mafua haya huweza kumpata mtu, na mtu naye huweza kumwambukiza nguruwe. Nchini Kenya, watafiti wamekuta ndani ya nguruwe virusi vya H1N1 vilivyoenea miongoni mwa watu mwaka 2009.

Mwaka huo ulionyesha jinsi hofu inavyofunga soko. Mafua hayo hayaambukizi kwa kula nyama iliyopikwa vizuri, lakini Misri iliamuru nguruwe wake wote, wapatao 300,000, wachinjwe kabla hata ya kupata mgonjwa mmoja. Urusi na China nazo zilizuia nyama kutoka maeneo yaliyotajwa kuwa na ugonjwa.

Chanjo za sindano dhidi ya mafua ya nguruwe zipo, na hutumika Marekani na Ulaya. Udhaifu wake ni kwamba zinajenga kinga zaidi kwenye damu, ilhali virusi huingilia puani. Pia virusi vya mafua hubadilika, na kinga ambayo mtoto wa nguruwe hupata kwa maziwa ya mama yake huweza kupunguza nguvu ya sindano.

Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, wamejaribu njia nyingine. Wanachukua virusi vya mafua vilivyouawa na kuvifunga ndani ya chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Baadhi ya chembe hizo hutengenezwa kwa kitosani, kitu kinachotokana na magamba ya kamba na kaa. Kitosani hunata kwenye ute wa pua, hivyo chanjo haitelezi na kupotea. Katika majaribio, nguruwe waliopewa chanjo hiyo puani walijenga kingamwili palepale mlangoni, na walipoambukizwa walitoa virusi vichache zaidi.

Kwa mchuuzi, hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Mnyama asiyetoa virusi vingi ana uwezekano mdogo wa kuambukiza lori zima.

Hata hivyo, hii bado ni kazi ya maabara. Anayekuuzia leo dawa ya matone ya puani akidai ni chanjo hiyo, anakuuzia maji. Wala haitazuia homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo virusi vyake ni vya ukoo mwingine kabisa. Vietnam iliruhusu chanjo ya homa hiyo kuuzwa mwaka 2023, lakini hiyo ni chanjo tofauti.

Kwa sasa, kinga ya mtaji ni ileile. Nguruwe mgeni atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine. Mwenye mafua asihudumie zizi. Mabaki ya nyama ya nguruwe yasilishwe nguruwe. Na kabla ya kupakia, pata kibali cha ofisa wa mifugo wa wilaya, kwani lori likizuiwa njiani, mnyama anaendelea kula na mnunuzi anatafuta kwingine.