Tisa Wanaotuwakilisha Arusha

Anayevuka Daraja la Mkapa hapa Ndundu hukumbuka kwanza adha ya kivuko kabla ya mwaka 2003. Wachache hukumbuka kwamba Rais huyo huyo, pamoja na Marais Moi na Museveni, alitia saini huko Arusha, tarehe 30 Novemba 1999, Mkataba uliofufua Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Utangulizi wa Mkataba huo unakiri kwa nini Jumuiya ya awali ilivunjika mwaka 1977: pamoja na mambo mengine, ushiriki wa asasi za kiraia ulikuwa hafifu. Yaani wakubwa walielewana, kisha wakakosana, nasi tukitazama. Bunge la Afrika Mashariki, lililoanza Novemba 2001, lilipaswa kuziba pengo hilo. Kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa, nao huchaguliwa na Bunge la nchi yao kutoka nje ya Bunge hilo.

Je, wana meno? Mwaka 2005 Baraza la Mawaziri liliondoa miswada ambayo wabunge walikuwa wameiwasilisha wenyewe. Calist Mwatela wa Kenya, Lydia Wanyoto Mutende wa Uganda na Isaac Sepetu wa Tanzania walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba mswada ukishafika bungeni, Baraza haliwezi kuuondoa bila ridhaa ya Bunge. Hata hivyo, Rais mmoja tu akikataa kuridhia mswada hata baada ya kurudishwa kwake mara ya pili, mswada huo hufa.

Ulaya nayo ilianza kwa wawakilishi waliotumwa na mabunge ya nchi, mwaka 1952. Robert Schuman, Mkatoliki ambaye Kanisa lilitambua fadhila zake za kishujaa mwaka 2021, aliongoza Bunge la Ulaya kuanzia 1958 hadi 1960. Wananchi wa kule walianza kuwachagua wabunge hao moja kwa moja mwaka 1979. Sisi bado, jambo ambalo, kwa maoni yangu, haliendani vizuri na kanuni ya auni tunayoifundisha.

Kwa sasa mwenye kura hiyo ni mbunge wetu aliyeko Dodoma. Hurudi jimboni akaulizwa habari za barabara, zahanati na mbolea. Sijapata kusikia mkutano uliomwuliza alimpeleka nani Arusha, na kwa sababu gani.