Mizani haishuki? Angalia daftari kabla ya kuacha mazoezi

Wapo watu wanaoacha mazoezi wakati mwili ndiyo kwanza umeanza kuitikia. Sababu yao ni moja: mizani haishuki. Kila asubuhi wanapima na kukuta kilo zilezile, au zimeongezeka kidogo. Wapo pia wa upande wa pili. Kilo zao zinashuka kwa kasi, mtaani wanapongezwa kwamba wamepungua, kumbe sehemu ya kilo hizo ni misuli na kitambi bado kipo.

Makundi haya mawili yana tatizo moja, nalo ni kutegemea kipimo kimoja. Kama unapunguza mafuta mwilini huku ukifanya mazoezi ya nguvu, iwe ni kunyanyua vyuma, madumu ya maji au uzito wa mwili wako mwenyewe, fuatilia mambo matatu: uzito, kiuno na nguvu. Yote yaandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na misuli ni mali.

Mizani inapima kila kitu

Mizani haitenganishi mafuta, misuli, maji na chakula kilichomo tumboni. Ukila mlo wenye chumvi nyingi jioni, mwili hushikilia maji na asubuhi kilo hupanda. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli nao hukaa na maji. Wanawake wengi huongezeka uzito kidogo siku chache kabla ya hedhi. Mtu aliyeanza mazoezi mapya naye anaweza kushikilia maji wakati misuli inajikarabati. Kilo hizo si mafuta.

Kwa upande mwingine, ukipunguza chakula bila kuifanyisha misuli kazi, mwili huchoma mafuta na kupoteza misuli pia. Hasara hiyo haiishii kwenye umbo. Misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu baada ya mlo, kwa hiyo mwenye kisukari anaihitaji sana. Mzee naye anaihitaji ili ainuke kwenye kiti na asianguke ovyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama kutembea haraka.

Namna ya kupima

Uzito: Pima asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula au kunywa, ukiwa na nguo nyepesi. Pima mara tatu kwa wiki, kisha tafuta wastani. Mfano, wiki ya kwanza umepata kilo 82.4, 81.7 na 81.9, wastani ni 82.0. Wiki ya pili umepata 82.2, 81.5 na 81.1, wastani ni 81.6. Ukilinganisha siku ya mwisho ya wiki ya kwanza na siku ya kwanza ya wiki ya pili, utadhani umeongezeka. Wastani unaonyesha umepungua gramu 400.

Kiuno: Tumia futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani. Iweke katikati ya ubavu wa chini kabisa na sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, kisha soma. Mara moja kwa wiki mbili inatosha. Hatari ya magonjwa kama kisukari na ya moyo huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa zaidi kikizidi 88 na 102.

Nguvu: Hapa ndipo wengi hawaandiki kitu. Chagua mazoezi manne au matano na uyashikilie, kwa mfano kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kuvuta dumu kuelekea ubavuni na kunyanyua dumu juu ya kichwa. Huhitaji vyuma vya bei kubwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo dumu la lita 5 lililojaa ni kama kilo 5. Andika tarehe, zoezi, uzito na marudio ya kila seti. Mfano: "Jumatatu, kuvuta dumu, kilo 8, mara 10, 10, 9."

Fanya seti tatu za marudio 8 hadi 12. Ukifikisha 12 katika seti zote tatu bila kuyumba, ongeza lita moja ya maji na urudi kwenye marudio 8. Pumzika muda uleule kati ya seti na ushuke kina kilekile unapochuchumaa. Pushapu za nusu haziwezi kulinganishwa na pushapu kamili.

Zipo mizani za kielektroniki zinazotaja asilimia ya mafuta. Hupitisha umeme mdogo mwilini na kukadiria, hivyo jibu hubadilika kulingana na maji uliyonayo mwilini. Usifanye uamuzi kwa namba hiyo peke yake.

Daftari linasema nini?

Baada ya wiki nne, soma vipimo vyote kwa pamoja.

Kiuno kimepungua na nguvu imepanda, lakini kilo zimesimama: unapoteza mafuta na huenda unajenga misuli. Hali hii ni ya kawaida kwa anayeanza. Usibadilishe kitu.

Kilo na kiuno vinapungua, nguvu iko palepale: unaendelea vizuri. Wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli uliyonayo. Baadaye, kwa mtu anayekula kidogo, kubaki na nguvu ileile ni mafanikio.

Kilo zinashuka haraka na marudio yanapungua wiki hadi wiki: hii ni dalili ya hatari. Huenda unakula kidogo mno, hulali vya kutosha au unakosa protini. Lenga kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kila mlo uwe na maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai au maziwa. Nguvu ikiendelea kushuka ingawa unakula na kulala vizuri, nenda hospitali.

Kilo na kiuno vyote vimesimama: tatizo huenda liko kwenye sahani. Angalia mafuta ya kupikia, chapati, soda, sukari kwenye chai na ukubwa wa ugali au wali kabla ya kuongeza mazoezi.

Wagonjwa na wazazi wazingatie

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, kama glibenklamidi, zungumza na daktari kabla ya kupunguza chakula na kuongeza mazoezi, kwani dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa. Pima sukari kabla ya kuanza na uwe na kitu chenye sukari karibu. Ukitetemeka, kutoka jasho jingi au kuchanganyikiwa, acha mara moja na ukitumie. Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi anaponyanyua. Toa pumzi wakati wa kuinua. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila ushauri. Mjamzito asijaribu kupunguza uzito kwa njia hii.

Kilo zikishuka bila wewe kukusudia, hasa ukiwa na kikohozi, homa, jasho la usiku, kiu kali au kukojoa mara kwa mara, usishangilie. Nenda hospitali, kwa sababu kifua kikuu na kisukari vinaweza kuanza hivyo.

Mzazi, daftari hili ni la watu wazima. Mtoto anakua, hivyo kilo zake zinatakiwa kuongezeka kadiri urefu unavyoongezeka, na mabadiliko yake husomwa na mtaalamu kwa chati za ukuaji. Usimnyime chakula wala kumpima kila siku. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Mazoezi ya nguvu yenye uzito mdogo na usimamizi mzuri hayamdumazi, kinyume na inavyodhaniwa.

Kama unaanza wiki hii, andika vipimo vyako vya leo kwenye ukurasa wa kwanza: kilo, kiuno na marudio unayoweza. Usivihukumu kabla ya wiki nne. Ukienda kliniki, beba daftari hilo, daktari atalisoma vizuri zaidi kuliko maneno "najiona sijapungua."