Homa Imekwisha, Damu Imekwenda Wapi?



Umenunua leso nzuri Biashara Street, hapa Mombasa. Siku ya kufua, tone la Jik ulilokusudia shuka nyeupe likairukia leso: rangi imetoka! Jik haichagui. Mwilini nako hutokea jambo kama hilo.

Chembe nyeupe za damu ni askari wetu. Vijidudu vya malaria vikiingia, askari hao huamka na kutoa kemikali kali zitokanazo na oksijeni. Mojawapo ni ya jamii moja na Jik. Kemikali hizo huua vijidudu, lakini huzirukia pia chembe nyekundu zilizo karibu. Ngozi ya chembe hizo huharibika, kama chuma kishikwapo na kutu, zikawa ngumu. Chembe nyekundu nzima huishi takriban siku 120. Iliyoharibika huondolewa mapema na bandama.

Hii ni sababu moja ya malaria kumaliza damu: hata chembe zisizoingiwa na vijidudu hupotea, tena kwa wingi. Na homa ikishashuka, damu yaweza kuendelea kupungua siku kadhaa.

Kwa hivyo mzazi, mpe mtoto dozi yote hadi iishe. Kisha tazama viganja, ulimi na ndani ya kope zake. Vikiwa vyeupe, au mtoto akihema haraka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu. Usingoje homa irudi.